Je, sheria ya Kiyahudi inaruhusu kumwomba Mungu abadili maumbile? Wajuzi wa Torati na Talmudi karibuni

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Shemeji yangu ana mimba ya miezi sita. Ni ya nne, na watatu waliotangulia wote ni mabinti. Nyumba nzima iko kwenye maombi ya mtoto wa kiume. Mama mkwe amefunga siku tatu, jumuiya inakesha kwa zamu, na juzi mzee wa kanisa alimwekea mikono tumboni akaomba kwa sauti hadi majirani wakatoka nje. Shemeji mwenyewe alikuwa kimya kwenye mkeka, anakunja na kukunjua pembe ya kanga. Picha hiyo haijanitoka.

Usiku huo nikiwa nasoma nikakutana na Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayahudi uliokamilishwa mnamo mwaka 200. Kitabu chake kiitwacho Berakhot, sura ya 9, kinasema anayelilia jambo lililokwisha kupita, sala yake ni ya bure. Halafu inatoa mifano miwili. Wa kwanza ni huu huu wa kwetu: mke ana mimba, mume anasema "na iwe mapenzi yako mke wangu azae mwanamume". Sala ya bure. Wa pili: mtu anarudi safarini, anasikia mayowe mjini, anasema "isiwe nyumbani kwangu". Nayo ni sala ya bure.

Hawa ndio watu wa Yoshua aliyesimamisha jua na Eliya aliyefunga mvua. Swali langu: sheria yao inakataza kumwomba Mungu aingilie maumbile, au inakataza tu kuomba ukiwa umechelewa? Naomba hoja, na tusitukaniane dini.

#2 Jirani Mwema

Uzi wa maana huu. Naweka kigoda changu hapa nisikilize.

#3 Kipepeo wa Tanga

Mleta mada, kwa Mungu hakuna kuchelewa. Soma 2 Wafalme 20. Hezekia anaambiwa na nabii mwenyewe kwamba atakufa. Anageukia ukutani, analia, anaomba, anaongezewa miaka 15, na kivuli kinarudi nyuma madaraja kumi kuwa ishara. Hukumu ilikuwa imeshatoka kinywani mwa nabii! Mama mkwe wako aendelee kufunga.

#4 Mzee Kigoda

Shikamooni mlionizidi, wengine marahaba.

Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi. Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, nimeisoma kwa tafsiri, si kwa lugha zake, kwa hiyo mwenye kunisahihisha asisite.

Marabi walishaliuliza swali la Kipepeo, ila wao walimtumia Lea. Mwanzo 30:21 inasema baadaye Lea alizaa binti, akamwita Dina. Katika Talmudi, Berakhot ukurasa wa 60, rabi aitwaye Rav anauliza: baadaye ya nini? Anajibu: baada ya Lea kujihukumu mwenyewe. Lea alipiga hesabu kwamba Yakobo atatoa makabila 12. Mimi nimezaa sita, vijakazi wamezaa wanne, hao ni kumi. Huyu wa tumboni akiwa mwanamume, dada yangu Raheli hatafikia hata hadhi ya kijakazi. Papo hapo mimba ikageuka ikawa binti.

Kwa hiyo Mishna inasema ni bure, na Lea amejibiwa. Talmudi inatoa majibu mawili. La kwanza: matendo ya miujiza hayatajwi hapa, yaani yaliyomtokea Lea huwezi kuyageuza kanuni ya watu wote. La pili: Lea aliomba mimba ikiwa ndani ya siku 40. Kisha wanapanga sala za mimba kwa muda wake. Siku tatu za kwanza omba mbegu isioze. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 40 omba mwanamume ukitaka. Siku ya 40 hadi miezi mitatu omba isiwe mimba isiyo na umbo. Miezi mitatu hadi sita omba isiporomoke. Miezi sita hadi tisa omba mtoto atoke kwa amani.

Mwalimu, kwa ratiba hiyo shemeji yako yuko kwenye sala ya mwisho.

#5 Bi Mkunga

Mimi ni mkunga, mwaka wa 19 huu niko leba. Niseme la upande wangu.

Jinsia inaamuliwa siku mbegu ya baba inapokutana na yai. Mbegu imebeba X au imebeba Y, basi. Kwa hesabu hiyo, hata sala ya siku ya pili imeshachelewa. Ila lipo jambo lililonifanya nisome #4 mara mbili. Mpaka kama wiki ya sita tezi za uzazi za kijusi ni za namna moja, wa kike na wa kiume huwatofautishi kwa kuziangalia. Wiki ya 6 au ya 7 ndipo zinaanza kuachana njia. Siku 40 hazipo mbali na hapo.

Mjue pia kwamba kliniki tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na marabi wanahesabu tangu mimba kutunga. Mama akikuambia "nina wiki nane", kwa hesabu yao ana sita, na hizo 40 zimeshapita.

#6 Kipepeo wa Tanga

Da Mkunga, kwa hiyo unakubali kuna mlango unabaki wazi mpaka wiki ya sita?

#7 Bi Mkunga

Nakubali kuna kitu hakijaonekana bado. Kama mlango uko wazi au umefungwa, hilo sijui kulipima.

#8 Dereva wa Usiku

Mimi ni wa mfano wa pili.

Miaka kadhaa nyuma soko la mtaani kwetu liliwaka moto. Nilikuwa nimempeleka abiria mbali, nikapigiwa simu saa nane usiku. Nikirudi na pikipiki nikaona wekundu juu ya mabati. Njia nzima naomba, Mungu wangu, kisiwe kibanda cha mke wangu, kisiwe kibanda cha mke wangu. Nilipofika kilikuwa kimeshalala chini, cherehani imebaki chuma kilichopinda, ule mkono wa kuzungushia umeyeyuka na kumwagika kwenye saruji. Kibanda cha mama wa pembeni kilipona.

Toka siku ile najiuliza: kama ningejibiwa, moto ungeenda kwa nani? Nilikuwa namwombea yule mama aungue na sikujua. Leo ndio nakutana na wazee waliolifikiria hili. Asante mleta mada.

#9 Mzee Kigoda

Dereva, pole sana ndugu yangu.

Nikuongezee jambo. Ukurasa ule ule wa 60 unasimulia kwamba mwalimu wao Hillel Mzee alikuwa anarudi kutoka safari, akasikia mayowe mjini. Hakuomba kitu. Alisema: "Nina hakika si nyumbani kwangu." Wakamsomea Zaburi 112, "Hataogopa habari mbaya." Sala ya kubadili yaliyotokea walimkatalia mtu, ila utulivu wa moyo hawakumkatalia.

Ila kusema kweli, Mishna haitoi sababu yako ya jirani. Sababu yake ni wakati: nyumba inayoungua imeshajulikana. Hoja yako ya jirani ni nzuri, lakini ni yako.

#10 Mwana wa Mbatizaji

Mzee, naomba kurekebisha. Talmudi ziko mbili, na wewe unanukuu ya Babeli tu. Ile ya Yerusalemu, kwenye Berakhot hiyo hiyo sura ya 9, inaleta kauli ya Rabi Yehuda ben Pazi: hata mwanamke akiwa ameketi kwenye kiti cha kuzalia, bado unaomba. Ushahidi wake ni Yeremia 18, "kama udongo ulivyo katika mkono wa mfinyanzi". Mfinyanzi anaweza kukikanda upya chombo alichokwisha kukifinyanga.

Kwa hiyo Kipepeo ana wazee wa kumtetea. Tusimwonee.

#11 Kipepeo wa Tanga

Sikujua nina marabi upande wangu. Ahsante mkuu.

#12 Mzee Kigoda

Sahihi kabisa #10, nilipaswa kuitaja. Ila kwenye sheria inayofuatwa, waandishi walikwenda na Babeli. Shulkhan Arukh, kitabu cha sheria cha Yosef Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, kwenye sehemu ya Orah Hayim 230 inarudia mifano ile ile miwili na kuita sala hizo za bure. Ya Yerusalemu imebaki kuwa elimu ya kusomwa.

#13 Shamba Darasa

Nimekulia kwenye mahindi, nami nimeguswa kwa njia yangu. Rafiki yangu aliyesoma mambo haya aliniambia kuna sheria ya uwanja wa kupuria nafaka. Iko kwenye Talmudi, Bava Metzia 42. Unapokwenda kupima lundo lako unasema: "Na iwe mapenzi yako upeleke baraka katika kazi ya mikono yetu." Ukianza kupima unasema: "Amebarikiwa apelekaye baraka katika lundo hili." Ukishapima ndipo uombe, hiyo ni sala ya bure. Wanasema baraka haikai kwenye kilichopimwa, kilichowekwa mizani wala kilichohesabiwa. Inakaa kwenye kilichofichika machoni.

Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo na hajawahi kumwona Myahudi. Lundo la mahindi analifunika turubai, na ukianza kuhesabu debe kwa sauti anakunyang'anya. Unajaza gunia kimya, unashona, unaweka pembeni. Hesabu ni baadaye, watu wakishaondoka.

Kwa hiyo mimi nasema swali la mleta mada halihusu muujiza mkubwa au mdogo. Linahusu jicho. Ambacho jicho halijakiona unaweza kukiombea.

#14 Mwanafunzi wa Jana

Shamba Darasa umenikumbusha matokeo ya kidato cha nne. Nilikuwa kwenye banda la intaneti, ukurasa unafunguka pole pole, nimefumba macho naomba niwe nimepata daraja la pili. Matokeo yalishatangazwa tangu asubuhi! Jicho langu lilikuwa halijaona, lakini nchi nzima ilikuwa inaweza kuona. Hiyo inahesabiwa imefichika au imepimwa?

#15 Shamba Darasa

Imepimwa na mwingine, mdogo wangu. Hapo umenibana. Ngoja nifikirie.

#16 Jirani Mwema

Daraja la pili lilikuja au halikuja?

#17 Mwanafunzi wa Jana

Lilikuja la tatu. Nilishukuru hivyo hivyo.

#18 Ustadhi wa Pwani

Assalaam alaykum.

Nisiingilie sheria ya watu wengine, ila ndugu zangu Waislamu mnaosoma mtaona hili si geni. Aya ya 55 ya Al-A'raf: "Mwombeni Mola wenu Mlezi kwa unyenyekevu na kwa siri. Hakika Yeye hawapendi warukao mipaka." Wanachuoni wengi waliposherehesha kuruka mipaka katika dua wakataja kuomba yasiyokuwa, kama mtu kuomba asife kamwe. Lakini pia tuna Zakaria, mifupa imedhoofika, mke tasa, anaomba mtoto na anapewa Yahya. Nasi tuna sala ya kuomba mvua, Istisqaa, na inasaliwa ukame ukiwa mkali.

#19 Mwana wa Mbatizaji

Wa alaykum salaam Ustadhi. Mfano wako wa mtu kuomba asife unafanana na wa Sefer Hasidim, kitabu cha wacha Mungu wa Kiyahudi wa Ujerumani wa zama za Yehuda he-Hasid, aliyefariki Regensburg mwaka 1217. Humo wanasema mtu asiombe kinachokwenda kinyume cha maumbile ingawa Mungu anaweza, mfano mti uzae kabla ya msimu wake. Hapa angalieni vizuri: hawasemi jambo limepita. Mti haujazaa, msimu haujafika, hakuna kilichopimwa. Wanakataza kwa sababu ni kuupindua mpangilio wa ulimwengu.

Kwa hiyo makatazo ni mawili na humu yanachanganywa. Moja ni kuomba lililopita, na ndilo la Mishna. La pili ni kuomba muujiza wa wazi, na hilo ni mjadala mwingine.

#20 Nairobi Mjini

Wadau, mimi ni fundi wa umeme hapa Nairobi. Niliwahi kufanya kazi kwenye sinagogi, na mzee mmoja pale alinielezea jambo la mvua ambalo linaingia hapa sawasawa.

Wayahudi wana sala wanayosimama kuisali kila siku. Ndani yake kuna ombi la "toa umande na mvua". Hawalisemi mwaka mzima. Nje ya nchi ya Israeli linaanza jioni ya tarehe 4 Desemba, au tarehe 5 kama mwaka unaofuata ni mrefu (Februari ya siku 29), mpaka Pasaka. Mishna, kwenye kitabu cha Ta'anit, inasema hatuombi mvua ila karibu na majira ya mvua. Yaani hata mvua, ambayo si muujiza, huiombi nje ya msimu wake.

Sasa angalia hapa kwetu. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Masika ni Machi mpaka Mei. Ombi linaanza vuli inapokwisha, linapita Januari na Februari kwenye jua kali, halafu masika inaposhika kasi Pasaka inafika na ombi linaondolewa. Nilimuuliza mzee: kwa nini msihamishe? Akacheka akasema hilo swali lina zaidi ya miaka mia saba.

#21 Mzee Kigoda

Mzee wako wa Nairobi ni mjuzi. Watu wa Ninawi walimpelekea Rabi Yehuda ha-Nasi, mkusanyaji wa Mishna, swali hilo hilo: sisi tunahitaji mvua hata kiangazi, tufanyeje? Akawajibu kwamba ninyi ni kama watu binafsi, ombeni kwenye baraka ya "asikiaye sala" ndani ya sala ile ya kila siku. Mwaka 1313, Rabi Asher ben Yehiel akiwa Toledo, Hispania, alijaribu kuwashawishi watu waongeze muda wa kuomba mvua kwa mujibu wa mahitaji ya nchi yao. Hawakumfuata. Karne ya 17 Wayahudi wa Brazili wakaandika hadi Salonika kwa Rabi Haim Shabtai, maana majira yao yamegeuka juu chini na mvua ya wakati huo kwao ni madhara. Jibu likawa lile lile: mnapoihitaji, iombeni kwenye "asikiaye sala".

#22 Mlima Masaba

Nawasalimu kutoka Mbale, Uganda. Mimi ni wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kiswahili changu ni cha barabarani, mnivumilie.

Nimesoma yote. Mnaongea kuhusu mvua inayokosekana. Sisi huku mlimani tunaogopa pia ile inayozidi. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, ukafunika vijiji na watu usiku. Mimi si wa Bududa lakini tulisikia, na ndugu wa rafiki yangu hawakupatikana mpaka leo. Kwa siku nyingi kila mvua ikipiga bati watoto wanakuja kulala chumba chetu.

Mishna inasema kila balaa linalokuja juu ya watu wanapiga baragumu na kulia mbele ya Mungu, isipokuwa mvua ikizidi. Niliposoma hilo niliumia sana. Mvua ni baraka, sawa, lakini ile? Halafu mwalimu wetu akanionyesha ukurasa wa 22 wa Ta'anit. Inasema kule uhamishoni wanalia hata kwa mvua iliyozidi. Na zamani mwaka ukiwa na mvua nyingi, makuhani wa zamu walikuwa wanatuma ujumbe kwa wale wanaosimama kwa ajili ya watu: waangalieni ndugu zenu walio uhamishoni, nyumba zao zisije zikawa makaburi yao.

Nyumba zao zisije zikawa makaburi yao. Walikuwa wanafikiria Babeli, nchi ya bonde. Mimi nilifikiria Bududa. Kwa hiyo ukiniuliza kama sheria yetu inaruhusu kumwomba Mungu aizuie mvua, nakujibu inaruhusu, na nimeiomba.

#23 Dereva wa Usiku

Mlima Masaba, nimesimama pembeni ya barabara kusoma hii. Poleni sana.

#24 Jirani Mwema

Karibu jamvini ndugu wa Mbale. Kiswahili chako hakina tatizo lolote.

#25 Kipepeo wa Tanga

Na Honi je? Nilifundishwa kuna mtu kwenye Biblia alichora duara akakataa kutoka mpaka mvua inyeshe.

#26 Mwana wa Mbatizaji

Si kwenye Biblia mkuu, ni Mishna, Ta'anit sura ya 3. Naye anawasaidia pande zote mbili, ndiyo raha yake.

Watu walimwomba Honi awaombee mvua. Kwa kujiamini akawaambia wakaingize ndani majiko ya udongo ya Pasaka yasilowe. Akaomba, kimya. Akachora duara, akasimama katikati, akaapa kwa jina la Mungu kwamba haondoki. Yakaja manyunyu. Akasema sikuomba haya, nimeomba mvua ya visima na mashimo na mapango. Ikaja ya ghadhabu. Akasema sikuomba hii, nimeomba ya radhi na baraka. Ikaja ya sawa, ikaendelea hadi watu wa Yerusalemu wakapanda Mlima wa Hekalu kuikimbia.

Mwanachuoni Shimon ben Shetah akamtumia ujumbe: usingekuwa Honi ningekutenga na jamii, lakini nikufanyeje, unamdekea Mungu kama mtoto anavyomdekea baba yake, naye anakutimizia. Pima mwenyewe. Hakumwambia amefanya vyema, wala hakumwadhibu. Mwanahistoria Josephus naye anamtaja mtu huyu kwa jina la Onias, aliyeuawa kwa mawe kwa kukataa kuwalaani ndugu zake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

#27 Mzee Kigoda

Kuna na Rava, rabi wa Babeli, Ta'anit 24. Mama yake mfalme Shapur wa Uajemi alimwambia mwanawe asishindane na Wayahudi, maana wanachomwomba Bwana wao wanapewa. Mfalme akasema wanaomba mvua msimu wa mvua, hilo ni jambo gani? Waombe sasa, katikati ya kiangazi. Rava akaomba, akasisitiza, ikanyesha mpaka mifereji ya mji wa Mahoza ikamwaga maji mto Tigri. Usiku baba yake akamtokea ndotoni: yupo mtu anayeisumbua Mbingu kiasi hiki? Akamwambia abadilishe mahali pa kulala. Asubuhi Rava akakuta kitanda chake cha zamani kimekatwakatwa kwa visu.

Alijibiwa, na karibu auawe kwa kujibiwa. Ndiyo maana nikiulizwa "inaruhusiwa?" nasita kusema ndiyo au hapana.

#28 Dereva wa Usiku

Hii ya mvua inatuhusu sisi wa pikipiki. Nikiwa na abiria naomba ikate. Shambani kwa shangazi wanaomba iongezeke. Nani anasikilizwa?

#29 Mzee Kigoda

Umeingia kwenye Talmudi, Yoma ukurasa wa 53, bila kubisha hodi! Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alipotoka patakatifu pa patakatifu aliomba sala fupi, na ndani yake: maombi ya wasafiri yasiingie mbele zako wakati dunia inahitaji mvua. Halafu wanamleta mtu wa miujiza, Hanina ben Dosa, aliyekuwa njiani mvua ikampata. Akasema: Bwana wa ulimwengu, dunia nzima imestarehe na Hanina yuko taabuni. Ikakatika. Alipofika nyumbani akasema: dunia nzima iko taabuni na Hanina amestarehe. Ikarudi. Rav Yosef akauliza, sasa sala ya kuhani mkuu ilifaa nini mbele ya Hanina?

#30 Dereva wa Usiku

Angalau huyo aliirudisha.

#31 Mwana wa Mbatizaji

Nirudi kwenye hoja ya maumbile, maana tumeishia kwenye mvua. Talmudi, Shabbat 53, inasimulia mtu aliyefiwa na mke akaachiwa mtoto anayenyonya, hana fedha ya mnyonyeshaji. Matiti yake yakafunguka kama ya mwanamke, akamnyonyesha mwanawe. Rav Yosef akasema: angalia ukubwa wa mtu huyu, kutendewa muujiza kama huo. Abaye akamjibu: kinyume chake, angalia unyonge wa mtu huyu, hata utaratibu wa uumbaji ukabadilishwa kwa ajili yake.

Abaye hakuona muujiza kuwa tuzo. Bora mtu angepata riziki ya kumlipa mnyonyeshaji. Kwa hiyo ombi jema kwa mtazamo wake ni "nipe kazi". Maimonides, mwanafalsafa na mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba mwaka 1135 au 1138, akaenda mbali zaidi: anaeleza kwamba miujiza iliwekwa ndani ya maumbile tangu uumbaji, bahari iliumbwa na agizo la kupasuka saa yake ikifika.

#32 Mlima Masaba

Naheshimu Maimonides, lakini kuna Nahmanides pia, mfafanuzi wa Torati. Yeye anasema mwishoni mwa maelezo yake ya Kutoka 13 kwamba kutoka kwenye miujiza mikubwa ya wazi mtu anakiri miujiza iliyofichika, na kwamba mambo yetu yote ni miujiza, si maumbile tu. Ukimfuata huyo, hakuna sala isiyoomba muujiza. Ukiomba mkate unaomba muujiza, ila Mungu anaufunika nguo ya kawaida.

#33 Mama Wawili

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Niulize kwa wanaojua. Mama yangu ameugua muda mrefu, daktari ametuambia ukweli wote. Dada zangu wanaomba apone. Mimi nimechoka kumwona anavyopumua na nimeanza kuomba apumzike, halafu naona aibu. Sheria hiyo inasemaje kwa mtu kama mimi?

#34 Mzee Kigoda

Mwanangu, pole. Usione aibu.

Ketubot 104: Rabi Yehuda ha-Nasi, yule yule aliyeikusanya Mishna, alikuwa anakufa kwa maumivu na wanafunzi wake hawakuacha kumwombea abaki. Kijakazi wake alipanda darini akaomba walio chini washinde. Alipomwona anavyoteseka, akaomba walio juu washinde. Wanafunzi hawakunyamaza. Akachukua mtungi akautupa chini kutoka darini. Kwa kishindo kile wakanyamaza kidogo, na roho yake ikatoka. Talmudi haimlaumu. Rabenu Nissim wa Girona, karne ya 14, akaandika kwamba kuna wakati inampasa mtu kumwombea mgonjwa afe, maradhi yanapomtesa sana na hakuna tumaini.

Hiyo ni sala tu, si kufanya jambo kwa mikono.

#35 Kipepeo wa Tanga

Dada #33, nami nitakuombea. Ila niseme na la pili, maana ni haki ulisikie: Berakhot 10 inaeleza Hezekia alimjibu Isaya kwamba hata upanga mkali ukiwa umewekwa shingoni, mtu asijizuie kuomba rehema. Nimeitafuta leo baada ya #9. Dada zako nao hawajakosea.

#36 Mama Wawili

Asanteni. Nimewasomea dada zangu zote mbili.

#37 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, nimechelewa kurudi, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Jana nilimwandikia shemeji zile sala za Mzee Kigoda kwenye karatasi, ya siku 3, ya 40, miezi mitatu, sita, tisa. Aliisoma yote, akaweka kidole kwenye ule mstari wa mwisho, mtoto atoke kwa amani. Akaniuliza kama inaruhusiwa mtu asiye Myahudi kuisema. Nikamwambia sijaona anayekataza. Akaikunja akaiweka ndani ya kadi ya kliniki. Mama mkwe bado amefunga.

#38 Bi Mkunga

Miezi sita altrasaundi inaonyesha jinsia vizuri tu. Hajapima?

#39 Mwalimu wa Zamu

Alipigwa picha ya mwezi wa tano. Mpimaji alitaka kumtajia, akakataa. Daktari anajua, yeye hajui, na mume wake hajui.

#40 Shamba Darasa

Basi lundo bado liko chini ya turubai! Mama mkwe anaruhusiwa.

#41 Mwanafunzi wa Jana

Mkuu, mpimaji ameshaona. Hiyo ni sawa na matokeo yangu asubuhi ile. Na hukunijibu.

#42 Mzee Kigoda

Shamba, siafikiani nawe. Mume wa kwenye Mishna naye hakuwa na altrasaundi, hakuna aliyekuwa ameona, na bado waliiita sala ya bure. Kwa nafaka wanatazama jicho, kwa mimba wanatazama siku. Kwa nini wametenganisha, nimekuwa nikilitafuta tangu mchana. #10, ukiwa na hiyo ya Yerusalemu karibu, hebu tuwekee maneno yanayofuata baada ya mfinyanzi.